Kifundo cha Mguu: Kukiunga au Kukibadilisha

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo nina habari ya mguu, na nitaianzia Kabambare, huku kwetu Kongo, mwaka 1870.

Mwaka ule alikuwapo pale David Livingstone, Mskoti aliyekuwa akitafuta chimbuko la mto Nile. Alidhani kwamba mto wetu wa Lualaba huenda ndio Nile yenyewe. Kijiji alikiandika Bambarre, na alikuwa amekifikia tangu mwaka uliotangulia. Mwezi wa Juni 1870 alitoka na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, akitaka kuufikia mto. Matope na maji vikamshinda. Miguu ikaota vidonda vinavyokula nyama, na tarehe 22 Julai akarudi Kabambare akichechemea. Hakutoka tena nje ya kibanda chake mpaka tarehe 10 Oktoba. Zilikuwa siku 80. Dawa alizozijua hazikumfaa. Kilichompa nafuu ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kidondani kwa unyoya. Mtu aliyekwisha kuivuka Afrika kutoka bahari moja hadi nyingine alikaa ndani akisubiri nyayo zake zimruhusu. Alifika mtoni, pale Nyangwe, Machi 1871 tu.

Livingstone huyo alikuwa pia na mkono wenye hadithi yake. Mwaka 1844, huko kusini mwa Afrika, simba alimvunja mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Mfupa haukushika sawasawa, ukafanya kiungo cha uongo: mahali ambapo mkono haupindi kwa mtu yeyote, kwake ulipinda. Alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka pwani, na London mwaka 1874 mpasuaji William Fergusson akautambua kwa mfupa ule.

Basi kumbukeni jambo hilo. Mfupa unaweza kukataa kuungana pale tunapotaka uungane. Na daktari naye anaweza kuifanya mifupa miwili iungane mahali ambapo Mungu aliweka kiungo. Kwa nini mtu akubali kufanyiwa hivyo? Hapo ndipo tunapokwenda.

Kila mtaa wa mji wetu wa Kasongo una mtu mzima anayeamka asubuhi akishika ukuta. Hatua za kwanza anazipiga kama anayekanyaga miiba. Kifundo kimevimba na hakipindi tena. Akienda sokoni anarudi amekaza meno, na usiku mguu unamwamsha. Watu husema ni uzee, au ni baridi. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Mara nyingi ukimuuliza taratibu atakuambia kwamba miaka 15 au 20 iliyopita alianguka na pikipiki, au aliporomokewa na shimo la dhahabu upande wa Namoya, au aliteleza na mzigo kichwani. Kifundo kikavunjika. Kikakandwa kwa maji ya moto, kikafungwa vijiti, kikapona kwa upande.

Kifundo cha mguu kina mifupa mitatu. Miwili inatoka juu: muundi, ule mnene wa mbele, na mwenzake mwembamba wa upande wa nje. Ncha zake ndizo zile nundu mbili mnazozigusa kulia na kushoto mwa kifundo. Katikati yake umeshikwa mfupa wa tatu, ambao madaktari huuita talasi. Talasi haina msuli hata mmoja ulioshikizwa juu yake. Sehemu kubwa ya uso wake imefunikwa gegedu, ile nyama nyeupe ngumu inayoteleza, na damu huipata kwa njia chache nyembamba. Ndiyo maana ikivunjika shingoni inaweza kukosa damu ikafa, mfupa mzima, ndani ya mguu ulio hai. Watu wenye ugonjwa wa seli mundu nao wanaweza kuupoteza mfupa huo bila kuanguka popote.

Gegedu ya kifundo ni nyembamba kuliko ya goti, kiasi cha milimita 1 au 1 na nusu. Na bado hubeba mzigo mkubwa: unapotembea, kiungo hiki kidogo hupata uzito unaokaribia mara 5 ya uzito wa mwili wako. Ajabu ni kwamba kikiwa kimekaa sawa hudumu. Magoti na nyonga huchakaa kwa umri, lakini kifundo huharibika zaidi kwa ajali. Katika watu 10 wenye kifundo kilichokwisha kabisa, kama 7 waliwahi kuumia hapo zamani.

Mmewaona wale wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mchele na mafuta ya mawese kutoka Kabambare kuja Kasongo. Gurudumu likipinda kidogo, gololi za upande mmoja huanza kuliwa, na safari moja tu ya mzigo mzito humaliza kazi. Kifundo kilichopona kwa upande huliwa vivyo hivyo. Mwaka 1976 madaktari wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walipima jambo hili kwenye mifupa ya maiti. Talasi ikisogea kando kwa milimita 1 tu, eneo linalogusana na muundi hupungua kwa asilimia 42. Milimita moja ni kitu kidogo mno. Uzito wote uliokuwa ukigawanywa sasa unasukumwa mahali padogo, gegedu inasagika, mifupa inakutana uchi, na hapo maumivu yanahamia kuishi.

Kabla ya kisu kuna mambo ya kujaribu, nayo si ya kudharau: fimbo inayoshikwa mkono wa upande wa mguu mzima, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, dawa za maumivu kwa ushauri wa muuguzi, kiatu kirefu kinachobana kifundo, sindano ndani ya kiungo. Fundi viatu mzuri wa sokoni anaweza kutengeneza soli ngumu iliyopinda kidogo mbele na nyuma, ili mguu ubiringike badala ya kupinda. Wapo waliokaa miaka mingi kwa kiatu na fimbo tu. Lakini kuna siku hivyo vyote vinashindwa, na daktari wa mifupa anamweleza mzee njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuunga. Daktari anafungua kiungo, anakwangua gegedu yote iliyobaki mpaka mfupa utoke damu, anaikutanisha talasi na muundi, kisha anaikaza kwa skrubu. Wayo huwekwa bapa, kama mtu aliyesimama wima, ukiwa umegeuka nje kidogo tu. Halafu plasta, magongo, na kungoja. Wiki za kwanza mguu haukanyagi chini kabisa, na mpaka mfupa ushike zinaweza kupita wiki 10 au 12. Mifupa miwili inakuwa mmoja. Kiungo hakipo tena, na pasipo kiungo hapana msuguano. Maumivu yale ya kusagana huondoka.

Njia ya pili ni kubadilisha. Daktari anakata ncha zilizochakaa, anavika muundi kipande cha chuma na talasi kipande kingine, na kati yake anaweka plastiki ngumu inayoteleza. Kiungo kinaendelea kupinda. Mkisikia hivyo mtasema, sasa swali liko wapi? Nani akatae kiungo kipya akubali mguu mgumu? Hata mimi nilipoisikia mara ya kwanza niliona jibu liko wazi. Tulieni kwanza.

Kuunga ni kazi ya zamani. Daktari Eduard Albert aliifanya mwishoni mwa miaka ya 1870, kwa watu ambao miguu yao ilikuwa imepooza na kulegea. Mwaka 1951 Mwingereza John Charnley akaonyesha kuwa mifupa ikibanwa kwa nguvu hushika upesi zaidi. Charnley huyu ndiye baadaye aliyeipa dunia nyonga bandia iliyofaa, ile ya miaka ya 1960, na mafanikio yake yakawatia wenzake hamu ya kutengeneza kifundo bandia. Wafaransa Lord na Marotte walianza mwaka 1970. Vifundo vile vya kwanza vililegea kwenye mfupa, vikazama, vikavunja moyo wa wagonjwa na wa madaktari, na wapasuaji wengi wakarudi kwenye kuunga. Baadaye Håkon Kofoed wa Denmark na wengine wakatengeneza vilivyo bora, na vya siku hizi ni vizuri kweli. Katika watu 100 waliowekewa, kati ya 80 na 90 bado wanavitumia baada ya miaka 10.

Kisha Waingereza wakaamua kuacha mabishano na kupima. Walichukua watu 303 wenye umri wa miaka 50 hadi 85, katika hospitali 17, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa waungwe, hawa wabadilishiwe. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yanatembea na kusimama vizuri zaidi sana kuliko mwanzo, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo hata isingeweza kuthibitishwa. Matatizo ndiyo yaliyotofautiana. Waliobadilishiwa walipata zaidi vidonda vya upasuaji visivyofunga upesi na mishipa ya fahamu iliyoguswa. Walioungwa walipata zaidi damu kuganda kwenye mishipa, na wengine mifupa yao haikushika. Kwa jumla, katika watu 100 wanaoungwa, 5 hadi 10 hivi mfupa hukataa, na kwa wavuta sigara idadi hiyo huongezeka sana. Mzee anayevuta tumbaku aiache kabla ya kulala kwenye meza ya upasuaji. Hilo msimwonee haya kumwambia.

Kwa hiyo swali la nani bora, kule kwenye hospitali zenye kila kitu, halina jibu moja. Swali letu ni jingine: ni mguu upi unaoweza kutunzwa hapa?

Tumfikirie mama mmoja wa Kasongo mwenye miaka 48. Simtaji mtu, namtunga tu ili tuelewane. Analima mpunga bondeni. Anasimama kwenye tope, anabeba gunia, anapanda kilima kurudi nyumbani. Anapika ameketi kwenye kigoda, anachuchumaa chooni, na ni Mwislamu kama wengi wa mji huu, anayesujudu mara nyingi kila siku na kukalia miguu yake kati ya sijida mbili. Huyu mama anataka kifundo kinachopinda, nami namwelewa.

Lakini kifundo bandia hakirudishi mguu wa msichana. Kinapinda kiasi cha kutembea, kupanda ngazi, kushuka mteremko bila kuyumba. Kuchuchumaa hadi chini mara nyingi hakiruhusu. Kubeba magunia, kuruka mitaro na kukimbia huchosha plastiki na kulegeza chuma. Kifundo bandia kinataka kupigwa picha mara kwa mara, mwaka hadi mwaka, ili kulegea kuonekane mapema. Kikipata vijidudu ndani, mara nyingi lazima kitolewe. Na kikichoka, kinahitaji daktari aliyezoea kazi hiyo, mwenye vipande vya ukubwa mbalimbali na mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji. Wakati mwingine mwisho wake ni kuungwa, tena kwa ugumu, kwa sababu mfupa mwingi umekwisha kukatwa.

Daktari wa namna hiyo yuko mbali na Kasongo. Kutoka Kabambare mtu hufika kwetu kwa pikipiki kwenye barabara ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha barabara inakuwa mto. Kutoka Kasongo kuna Kindu, kisha ndege. Goma ina historia nzuri ya tiba ya mifupa: Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, alianzisha pale hospitali ya HEAL Africa pamoja na mke wake Lyn. Lakini Januari 2025 vita vilifika Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Februari ikawa zamu ya Bukavu. Mgonjwa aliyeambiwa arudi kuangaliwa kila mwaka angefanya nini mwaka ule?

Kifundo kilichoungwa kikishashika kimeshika. Hakina chuma cha kulegea wala plastiki ya kulika. Skrubu zikikaa kimya huachwa ndani maisha yote. Kinaweza kubeba gunia. Watu wengi walioungwa hutembea mahali pa tambarare vizuri, hata mgeni asitambue, kwa sababu viungo vidogo vya chini na vya mbele ya mguu hujifunza kupinda kwa niaba yake. Gharama yake ni kwamba viungo hivyo vinachoka. Baada ya miaka mingi vinaweza kupata yabisi vyenyewe, na kuna wanaorudi na maumivu mapya. Mlima utamtesa. Chooni atahitaji kiti au kigoda kirefu, jambo ambalo seremala wa mtaani hulimaliza kwa siku moja. Na kwa sala, dini haikumfunga: asiyeweza kukaa kwa namna ile ameruhusiwa kukaa anavyoweza, hata juu ya kiti. Imamu yeyote atamweleza hivyo.

Kwa mama yule, mimi ningesema aungwe. Umri wake, kazi yake na umbali wake vyote vinaelekea huko. Ningesema hivyo hivyo kwa kijana mchimba dhahabu aliyevunjika kifundo zamani nacho sasa kimekwisha kabisa.

Wapo ambao ningewaambia vingine. Mwalimu mstaafu wa miaka 68, mwepesi wa mwili, aliyehamia kwa mwanawe Nairobi au Dar es Salaam karibu na wapasuaji wa mifupa. Mtu ambaye kifundo cha upande wa pili kimekwisha kuungwa, maana miguu yote miwili ikiwa migumu hata kuinuka kwenye kiti ni kazi. Mtu ambaye viungo vya chini ya kifundo tayari vimekakamaa, hana akiba ya kupinda mahali pengine. Hao kifundo bandia kinaweza kuwafaa kweli, mradi mfupa wao uwe hai na mguu usiwe na vijidudu. Mwenye kisukari au ukoma uliokwisha kuua hisia za mguu, au mwenye talasi iliyokufa, kwa kawaida haambiwi habari ya kifundo bandia.

Sasa, nyinyi ndio mnaojua kusoma karatasi za hospitali, na mara nyingi ndio mnaomsindikiza babu au bibi. Kasongo ina sifa yake katika mambo haya. Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walifanya kazi hapa pamoja na wenyeji, wakajenga mtandao wa vituo vya afya vyenye hospitali moja ya rufaa nyuma yake. Uzoefu wa Kasongo ulisomwa nchi nyingi, na zoni za afya za Kongo zinafanana sana na kile kilichojaribiwa katika mji huu. Tumieni njia hiyo. Anzeni kituo cha afya, mpelekwe hospitali kuu ya rufaa, mpige picha ya mfupa mgonjwa akiwa amesimama, si amelala, maana uzito ndio unaoonyesha ukweli. Mbele ya daktari msikae kimya kwa heshima. Ulizeni: viungo vya chini yake vikoje? Mfupa uko hai? Daktari huyu amefanya upasuaji huu mara ngapi? Tutarudi lini, na kwa usafiri gani? Wiki 12 hizo nani atalima? Swali hili la mwisho msilione dogo. Mfupa mwingi umekataa kushika kwa sababu mwenyewe alikanyaga mapema ili wanawe wale. Majirani wakijua mapema, watagawana shamba lake.

Na lipo moja la kwenu wenyewe, vijana mnaopanda pikipiki kila siku, watatu juu ya kiti kimoja na kandambili miguuni. Ukianguka, ukashindwa kupiga hatua 4, au ukasikia maumivu makali unapobonyeza ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo, usikubali kuvutwa wala kukandwa. Funga mguu usicheze, uinue, ubebwe hospitali siku hiyo hiyo, upigwe picha. Mfupa uliorudishwa mahali pake wiki ya kwanza mara nyingi humwepusha mtu na visu vyote viwili nilivyowaeleza leo. Ukikaa mwezi mmoja, umekwisha kuanza kushika vibaya.

Nendeni mkawaambie wenzenu wa Kabambare, hasa wale wanaoshinda kwenye mashimo. Huko njia ya kufika hospitali ni ndefu zaidi, nao wanatakiwa kuondoka mapema zaidi.